Makasha matatu ya bibi: fundi asubiri na msasa wake

Swali: Assalaam alaykum mzee. Naishi Mtambwe, Pemba, na ndiye ninayeangalia shamba la mikarafuu la familia. Bibi yetu alifariki mwaka juzi, na chumbani kwake kuna masanduku matatu ya zamani. Kubwa lina njumu za shaba, yaani misumari ya mapambo, mbele nzima na droo tatu chini. La pili ni jeusi, zito, halina shaba nyingi, limefungwa na ufunguo haujulikani uliko. La tatu ni bweta dogo linalotoa unga chini kama linaloliwa. Fundi wa hapa anataka ayapige msasa na vanishi yawe kama mapya. Bwana mmoja wa Mjini ameshanipigia simu mara mbili, anayataka yote kama yalivyo. Nimsikilize nani? Na je, naweza kuifanya hii ikawa kazi, kununua masanduku ya zamani, kuyatengeneza na kuyauza, huku naendelea na karafuu?

Jibu: Wa alaykumu s-salaam mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu bibi. Fundi mwambie asubiri, na mwenye simu naye asubiri. Sisemi wanakutakia shari, ila kila mmoja ana haraka kwa sababu yake, na makasha yaliyokaa chumbani miaka yote hiyo hayatadhurika kwa kukaa mwezi mmoja zaidi. Isipokuwa lile bweta linalotoa unga. Hilo litoe leo, liweke peke yake mbali na mbao nyingine, nitakwambia la kufanya huko mbele.

Kabla ya shaba na mbao nakuuliza: makasha hayo ni ya nani? Alichokiacha bibi kiliingia katika mirathi tangu siku aliyofariki, na mjukuu mara nyingi hana fungu pale watoto wa marehemu wangali hai. Kushika ufunguo wa chumba si kumiliki kilichomo. Kama mirathi ilishagawiwa na makasha yakamwangukia baba yako, basi ni ya baba yako na yeye ndiye wa kusema yauzwe. Kama hayakuandikwa popote, maana watu huhesabu nyumba na mikarafuu wakavisahau vyombo, yaandikeni sasa. Kwetu Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana ndiyo inayoshughulikia mambo haya, na mzozo ukiwa mkubwa kuna Mahakama ya Kadhi. Lakini kwa vyombo kama hivi warithi wakikaa pamoja, wakakubaliana na kutia saini karatasi, sheha akiwa shahidi, mara nyingi yanaisha. Naanza na hili kwa sababu nimeshuhudia kasha likirudishwa baada ya kuuzwa na pesa kuliwa, kwa kuwa shangazi mmoja aliyeko Maskati hakuulizwa.

Sasa tuje kwenye kubwa. Makasha haya dunia inayaita ya Zanzibar, lakini mengi hayakutengenezwa hapa. Yalikuja na majahazi ya kaskazi kutoka Surat, Bombay na pwani ya Malabar, mengine kutoka Ghuba ya Uajemi. Mabaharia walitia ndani vitu vyao na bidhaa zao, wakifika wakauza na kasha lenyewe. Pemba ilikuwa na uwezo wa kununua: kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo karafuu nyingi zikawa zinatoka kwenu. Palipokuwa na karafuu palikuwa na harusi, na bi harusi hakutolewa mikono mitupu bila ya sanduku. Mafundi wa hapa nao walitengeneza ya kwao, na Mji Mkongwe bado yanatengenezwa hadi leo, tena mazuri. Kwa hiyo kuwa na njumu pekee hakulifanyi kasha kuwa la kale.

Unavyolieleza lako, njumu nyingi mbele na droo tatu chini, linafanana na yale yanayohesabiwa kuwa ya mtindo wa Surat. Lakini usiamini maneno yangu wala ya bwana wa Mjini. Tazama mwenyewe. Toa droo zote, uzigeuze, uangalie chini na nyuma yake, mahali pasipowahi kupakwa kitu. Msaji una rangi ya dhahabu inayoelekea hudhurungi, ukiupapasa una mafutamafuta, na harufu yake inakaribia ya ngozi. Sesemu ni nzito zaidi, ya kahawia iliyokolea yenye michirizi ya zambarau na nyeusi. Huenda ndiyo ya lile la pili. Mfenesi huwa wa njano ukiwa mpya kisha hugeuka kahawia, na ukiukuta ndio mwili wa kasha zima, yumkini mkono ni wa huku kwetu. Usikwangue upande wa mbele hata kidogo kutafuta rangi ya ndani. Jibu liko nyuma ya droo.

Kisha angalia misumari, si ile ya mapambo, ile inayoshika mbao. Uliofuliwa kwa mkono una shina la pembe nne na kichwa kisicho sawa. Msumari wa waya wenye shina la duara ulienea kuelekea mwisho wa karne ya 19. Skrubu butu isiyo na ncha kwa kawaida ni ya kabla ya katikati ya karne hiyo. Skrubu yenye mfereji wa nyota ilianza kuenea miaka ya 1930, ukiikuta ujue kuna mkono uliopita baadaye. Msumari mmoja hauthibitishi kitu, kwa sababu bawaba huvunjika zikabadilishwa. Tazama pale ambapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kupagusa. Na uchakavu uwe na maana. Ukingo wa mfuniko ulike pale mkono unaposhikia. Reli za droo zilike kwa chini. Kasha lililochakaa sawasawa kila upande lilichakazwa na mtu, na wapo wanaojua kazi hiyo: chai nzito, tindikali, kulizika mchangani, kisha linasimama dukani likiitwa la miaka 200.

Turudi kwa fundi wako. Simlaumu, yeye kazoea vitanda na makabati, ambako msasa na vanishi ndiyo kazi yenyewe. Lakini ile rangi nzito unayoiona kwenye kasha la bibi imekaa juu ya ubao kwa unene wa karatasi tu. Ni jua, moshi wa taa, nta, mafuta ya mikono ya wanawake waliokuwa wakilifungua kutoa kanga. Msasa unaiondoa kwa dakika chache na hakuna dawa ya kuirudisha. Tena msasa haufiki katikati ya njumu, kwa hiyo kila msumari unabaki umezungukwa na duara la kiza, huku vichwa vya shaba vyenyewe vimekwaruzika. Baadaye ndiyo inakuja vanishi ya kopo. Hiyo hujenga ngozi ngumu juu ya ubao usiotulia: masika ubao unapanuka, kiangazi unasinyaa, ngozi inapasuka, unyevu unaingia chini yake na kufanya madoa meupe. Ukitaka kulitengeneza tena huna njia ila kulikwangua upya. Nilichojiwekea mimi ni kwamba kila nitakachokitia kwenye kasha la kale, fundi atakayekuja baada yangu aweze kukitoa bila kulijeruhi. Vanishi ya kopo haipiti mtihani huo. Gundi ya kopo mbili za kuchanganya haipiti. Nta inapita, na gundi ya ngozi ya kuchemsha inapita kwa sababu joto na unyevu huilegeza.

Kwa hiyo kubwa lisafishwe tu. Anza na brashi laini kutoa vumbi, hasa kwenye kona za mabati ya shaba. Halafu kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikakaribia kukauka, chenye sabuni kidogo mno, na ujaribu kwanza chini mahali pasipoonekana. Masizi na mafuta yaliyoganda yatoe kwa tapentaini kidogo kwenye pamba. Usitumie spiriti, kwa sababu kama kuna polishi ya zamani juu yake, spiriti huiyeyusha ikaondoka pamoja na uchafu. Baada ya hapo nta ya nyuki, na Pemba wafugaji wa nyuki hawakosekani. Nta ikatekate kwa kisu, iweke kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, iyeyuke. Zima moto, toka nayo nje, ndipo utie tapentaini kiasi cha mara tatu ya nta, uikoroge mpaka ipoe iwe kama samli iliyoganda. Paka kidogo sana, iache, kisha sugua kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Ukiona kasha linanata, umepaka nyingi.

Watu wengi nyumbani hupaka mafuta ya nazi. Waache wapake nywele. Mafuta ya nazi hayakauki, yanabaki juu ya ubao yakishika vumbi na mwisho yananuka. Mafuta ya kitani yanakauka, lakini yanazidi kuwa meusi kadiri miaka inavyokwenda, na vitambaa vilivyoloana nayo vikikunjwa na kutupwa pembeni huweza kuwaka vyenyewe bila kiberiti. Ukiyatumia kwa kazi yoyote, kitambaa ukianike kikiwa kimetandazwa nje mpaka kikauke kabisa.

Shaba sasa, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ndimu na chumvi, au ukwaju na majivu, vinang'arisha, hilo halina ubishi. Lakini shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na tindikali huanza kuila zinki. Ukirudiarudia, uso wa njumu unaanza kuwa na rangi ya waridi, nao hauwi tena wa njano isipokuwa uukwangue. Dawa za chupa nyingi zina amonia, ambayo huweza kuipasua shaba iliyofuliwa, na huacha kuzunguka kila msumari unga mweupe unaoingia kwenye nyuzi za mti na haukubali kutoka. Mimi sing'arishi njumu. Kutu ya kijani inayochomoka kama unga naitoa kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa na tapentaini kidogo, basi. Shaba iliyofifia kidogo, yenye rangi ya asali, ndiyo wanayoitafuta wanaojua. Anayetaka ing'ae kama bomba la hoteli aende akanunue kasha jipya, yapo mengi mtaa wa Gizenga.

Njumu zilizolegea usizigonge kwa nyundo. Tundu limeshapanuka, ukigonga unapasua ubao. Toa msumari, tia kijiti chembamba cha mbao na tone la gundi ya ngozi, urudishe msumari kwa kidole na ubao mdogo juu yake. Zilizopotea, kama ni chache, acha pengo. Zikiwa nyingi mpaka nakshi haisomeki, tengenezesha mpya, ila uandike ni zipi, na karatasi hiyo iende na kasha kwa mnunuzi.

La pili linanisisimua zaidi kuliko kubwa, nakuambia kweli. Usikubali litobolewe wala kitasa kivunjwe. Tia mafuta mepesi ya cherehani kwenye tundu la ufunguo, uache siku kadhaa, kisha uombe funguo za makasha ya zamani kwa majirani na ndugu ujaribu. Vitasa vingi vya wakati ule vilikuwa na siri nyepesi, na ufunguo wa kasha jingine huweza kufungua. Ukishindwa, fundi wa vitasa atatengeneza ufunguo kwa kujaribu na kupunguza. Atachukua muda na utamlipa muda huo, lakini tundu lililotobolewa mbele ya kasha utalilipa zaidi siku ya kuuza.

Siku ya kulifungua waite warithi. Sisemi hivyo kwa mapambo. Makasha haya kwa kawaida huwa na kikasha kidogo ndani, upande mmoja, chenye mfuniko wake, na chini au nyuma yake mara nyingi kuna nafasi ya siri: ubao unaoteleza juu ukiinuliwa, au sakafu inayotoka na chini yake vidroo. Pima kwa kijiti urefu wa ndani na wa nje wa kikasha. Ikiwa nje ni kirefu zaidi kuliko ndani kwa upana wa vidole kadhaa, kuna kitu. Huweza kutoka pesa za shaba za Sayyid Barghash zenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882 hivi, au rupia, maana ndizo zilizotumika hapa mpaka shilingi ya Afrika Mashariki ilipochukua nafasi yake mwaka 1936. Zaidi ya pesa, huweza kutoka hati ya shamba au barua kwa herufi za Kiarabu. Karatasi iliyokauka usiikunjue kwa nguvu, wala usiitie kwenye plastiki ya moto. Ipige picha ilivyo, iweke bapa, na Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, ndio watu wa kuuliza jinsi ya kuihifadhi. Hati ya shamba inaweza kuwa na thamani kwenu kuliko makasha yote matatu. Na karatasi zilizobandikwa ndani ya mfuniko, gazeti au picha, zisibanduliwe. Nazo ni sehemu ya kasha.

Bweta. Kwanza jua kama mdudu yu hai. Liweke juu ya karatasi nyeusi mahali pasipo upepo, lisiguswe. Unga mpya ukionekana baada ya siku chache, fukusi bado wamo. Mara nyingi wameshika ubao wa chini au wa nyuma, kwa sababu mafundi walitumia mbao laini pasipoonekana, huku msaji wa mbele haukuguswa. Mafuta ya taa usipake: yanaingia juujuu, funza aliye ndani hayamfikii, na ubao unabaki na doa na harufu. Kwa kitu kidogo dawa nzuri ni baridi. Lifunge ndani ya plastiki nzito pamoja na kitambaa kikavu cha kunywa unyevu, toa hewa, uzibe, ulitie kwenye friza inayofika nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Muuza samaki mwenye friza kubwa Wete atakucheka, mlipe. Ukilitoa usilifungue siku nzima, lirudie joto la chumba likiwa ndani ya plastiki, ama sivyo jasho litalilowesha. Makubwa hayaingii frizani. Hayo mbao zake zisizo na polishi, chini na nyuma, zinaweza kupakwa maji ya boraksi na asidi ya boriki. Wala usianike kasha juani kuua wadudu. Utaua wadudu na ubao utapinda.

Ulilouliza mwisho ndilo zito, kama hii inaweza kuwa kazi pamoja na karafuu. Inaweza, lakini haitakuwa kubwa, na ukitaka iwe kubwa itakuharibia zote mbili. Hesabu miezi. Masika, Machi hadi Mei, hewa ni ya maji: gundi haishiki vizuri, polishi ya spiriti hutoka ukungu mweupe. Wakati huo fanya kazi ya vitasa, ya kuandika na kupiga picha, ya kutafuta. Kipupwe kinapoingia, Juni hivi, hewa hukauka na joto si kali. Hapo ndipo pa kuunga mbao na kupaka nta. Kisha wachumaji wanapanda juu na wewe huna mkono tena. Karafuu iliyoanikwa jamvini haisubiri mtu amalize kusugua kasha, ikinyeshewa imeshuka daraja. Januari na Februari, kaskazi ikikausha, nyufa za mbao zitafunguka wazi na utashawishika kuzijaza. Usizijaze kwa kitu kigumu. Masika ubao utapanuka, utakuta pa kwenda hapapo, na utapasuka pembeni ya ulipoziba. Ufa mdogo uache; ukiudhi macho, tia nta ya rangi yake, italegea na kukubali.

Kwa kalenda hiyo makasha mawili matatu kwa mwaka yanakutosha. Na kazi hii isifanyike chumba kinachowekwa karafuu. Karafuu hunywa harufu, na sitaki nisikie gunia lako limefika kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, linanuka tapentaini.

Ununuzi una adabu yake. Watu huuza vyombo vya ndani kabla ya msimu, fedha zinapokuwa zimekauka, na wewe fedha utakuwa nazo baada ya msimu. Wanunuzi wengine hupita vijijini masika kwa makusudi. Sikukatazi kununua, ila mjane anayeuza kwa ajili ya ada ya skuli ya mtoto mwambie thamani ya kweli ya kitu chake kabla hujataja bei. Pemba ni ndogo, na anayejulikana kwa kudhulumu hafunguliwi mlango wa pili. Milango ya nakshi iliyomo nyumbani usinunue kabisa, hata ukibembelezwa. Kasha liliundwa lihame na mwenyewe. Mlango ukitolewa, nyumba imebaki kipofu.

Kuhusu kupeleka nje: wateja wazuri wengi ni watu wetu walioko Oman, ambako kasha huitwa mandusi, na wageni wa mahoteli. Zanzibar ina sheria yake ya mambo ya kale, kwa hiyo kabla hujamwahidi mgeni kwamba atalipandisha ndege, waulize Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, ukiwa na picha. Kuna jingine ambalo wauzaji wengi hawalijui. Sesemu na mpingo ni ukoo mmoja, Dalbergia, na tangu mwanzo wa 2017 ukoo mzima umo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Vitu vilivyokwisha tengenezwa vimesamehewa mpaka kilo 10 kwa mzigo. Kasha la sesemu linazidi kilo hizo likiwa tupu. La kale linaweza kupatiwa cheti cha kuonyesha kuwa ni la kabla ya mkataba, na hapo ndipo maandishi yako yanapokuwa na kazi: picha za kabla na baada, kasha lilitoka nyumba gani, ya nani, lini, umelifanya nini. Msaji hauna shida hiyo. Na mwenye hoteli anayetaka kuliweka chumba chenye kiyoyozi mwambie mapema lisikae mbele ya upepo wake, litakauka ghafla na kupasuka, kisha atakuja kukudai.

Ya kwako mwenyewe ningefanya hivi. Bweta libaki, haliuziki kwa bei ya maana na linakufaa kujifunzia. Jeusi lisiuzwe mpaka lifunguliwe. Hakuna sababu hata moja ya kuuza kasha ambalo hujui lina nini. Kubwa, kama warithi wameridhia, lisafishwe taratibu kabla ya msimu na liuzwe likiwa na karatasi zake.

Bwana wa Mjini akipiga tena, usimtajie bei. Mwambie akupe bei ya kila moja peke yake, akuandikie kwenye simu. Anayetaka matatu kwa bei moja huwa ana moja analolitaka na mawili ya kufunikia, na akilazimika kuyatenganisha utaona lipi. Kisha zitume picha hizohizo kwa wauzaji wengine wawili Unguja kabla ya kumjibu. Mkikubaliana, usafiri uwe juu yake na malipo yakamilike kabla kasha halijatoka uani. Droo zitolewe zifungwe peke yake, miguu ifungwe blanketi, mfuniko ufungwe kwa kamba ya kitambaa isiyokwaruza shaba, na gari la kwenda bandarini lisipakie gunia lolote juu yake.